Tairi la Theluji Katika Nchi ya Jua

Mlaji anayekwenda yadi kununua gari lililotoka Japani aghalabu huwa amejiandaa vyema. Huja na fundi wake, husikiliza mngurumo wa injini, huchungulia chini kutafuta oili inayovuja, huuliza kilomita ambazo gari limekwishatembea, na hata hunusa zulia la ndani asije akauziwa gari lililopata kuzama majini. Ikifika zamu ya matairi, ukaguzi hugeuka kuwa wa kupiga teke. Akiona kashata zimesimama, yaani ile miinuko ya mpira inayokanyaga barabara bado ni mirefu, huridhika na kurudi kwenye mazungumzo ya bei.

Makala haya yanahusu tairi ambalo hufaulu mtihani huo wa teke kwa alama za juu, ilhali halikutengenezwa kwa ajili ya barabara zetu. Ni tairi la majira ya baridi, lile ambalo Wajapani hulichapa ubavuni neno STUDLESS. Kashata zake ni nene, mitaro yake ni mipana, na mpira wake ni laini ukiubonyeza kwa kidole. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba ni tairi zuri kuliko yote yaliyomo yadini, na pengine anaamini asemalo. Lakini sifa zile zile zinazolifanya lishike barafu ndizo zinazolifanya liwe legelege juu ya lami ya Chalinze saa saba mchana.

Baridi inavyoufanya mpira

Kila aliyewahi kuacha kandambili juani anajua kwamba mpira hubadilika kwa joto. Ni vigumu zaidi kwetu kuuona upande wa pili wa jambo hilo, kwa kuwa wengi wetu hatuishi mahali ambapo maji huganda nje ya friji. Mpira wa tairi la kawaida, ambalo katika nchi za baridi huitwa tairi la kiangazi, umechanganywa ili ufanye kazi katika joto. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi, huanza kukakamaa, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo unavyokaribia kuwa kama plastiki ngumu. Nyuzi 7 si mpaka uliochorwa kwa rula. Ni kipimo cha kukadiria ambacho watengenezaji na wauzaji wa matairi hukitumia kuwashauri madereva. Inatosha kujua kwamba tatizo huanza hata kabla theluji haijaanguka.

Tairi huishika barabara kwa sababu mpira wake hujikunja na kuingia katika vijishimo na mikwaruzo midogo ya lami, kisha hunata hapo kwa kitambo kidogo kabla ya gurudumu kuzunguka mbele. Mpira uliokakamaa hauingii popote. Hupita juu juu, na dereva akikanyaga breki gari huteleza.

Tairi la baridi hulitatua tatizo hilo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mchanganyiko wa mpira wenyewe, ambao huwekewa mpira asilia kwa wingi zaidi, silika, na vilainishi, ili ubaki laini hata nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Njia ya pili ni chale. Ukilitazama kwa karibu utaona kwamba kila kipande cha kashata kimekatwa mikato myembamba sana, mingi ikiwa imepinda kama mawimbi, mithili ya chale za mganga. Mikato hiyo hufunguka tairi linapokanyaga. Juu ya barafu huwa kuna utando mwembamba wa maji, na huo ndio hasa unaoteleza. Chale hufyonza sehemu ya maji hayo na kingo zake huikwangua barafu. Mitaro mipana nayo ina kazi yake: hujaza theluji na kuishindilia, kwa maana theluji hushikana na theluji vizuri zaidi kuliko inavyoshikana na mpira. Ndiyo sababu tairi hilo likitoka barabarani Hokkaido huonekana limejaa weupe, na dereva wa huko hapati wasiwasi wowote.

Ufundi huu una historia ndefu kidogo. Kiwanda kimoja cha Finland kilitoa mwaka 1934 tairi linalotajwa kuwa la kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa theluji, likikusudiwa malori. Baadaye yakaja matairi yenye misumari midogo ya chuma iliyochomozwa kwenye kashata ili ichimbe barafu. Misumari ilifanya kazi barabara, lakini siku ambazo barafu haikuwapo iliichimba lami. Ujerumani iliipiga marufuku katika miaka ya 1970. Nchini Japani, vumbi lililotokana na lami iliyokwanguliwa lilikuwa kero kubwa katika miji ya kaskazini kama Sendai, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kulizuia. Hapo ndipo tairi la baridi lisilo na misumari liliposhika soko la Japani lote, na neno STUDLESS maana yake ni hiyo tu: lisilo na misumari. Finland, Sweden na sehemu kubwa ya Kanada bado huruhusu misumari wakati wa baridi.

Kwa nini yanatufikia sisi

Katika nchi hizo tairi la baridi si anasa. Ujerumani humtaka kila dereva awe nalo pale barabara inapokuwa na barafu au theluji. Sweden hulidai kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 31 Machi hali ya barabara ikiwa ya baridi. Jimbo la Quebec nchini Kanada limelifanya la lazima kipindi chote cha kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, iwe theluji imeanguka au haijaanguka. Nchini Japani kanuni za mikoa zinakataza kuendesha katika barabara yenye theluji bila kinga ya kuzuia utelezi, isipokuwa Okinawa, ambako hali ya hewa yake inafanana zaidi na ya kwetu.

Hivyo mwenye gari wa Sapporo au Niigata huwa na seti mbili za matairi, na hubadilisha mara mbili kwa mwaka. Anapoamua kuliuza gari lake, aghalabu hulitoa likiwa na seti ambayo haihitaji tena. Gari hupelekwa mnadani, hupakiwa melini, na baada ya wiki kadhaa hushushwa Dar es Salaam au Mombasa likiwa limevaa viatu vya theluji. Matairi mengine husafiri peke yake, kama bidhaa ya mtumba.

Liko jambo moja hapa ambalo mlaji anapaswa kulielewa kuliko yote, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini tairi hili huonekana zuri hivyo. Tairi jipya la baridi huwa na kashata zenye kimo cha milimita 8 hadi 10 hivi. Kazi yake ya kushika theluji hupungua sana likifikia nusu ya kimo hicho, na watengenezaji wa Japani huweka ndani ya mitaro vijiinuko maalumu vya kuonyesha kwamba nusu imefika. Mwenye gari wa Hokkaido akiviona vijiinuko hivyo vimelingana na kashata, anajua kwamba kwa majira ya baridi tairi hilo limekufa. Lakini tairi lililokufa kwake bado lina milimita 4 au 5 za mpira, na milimita 4 katika soko la mitumba la hapa ni tairi la kujivunia. Kwao ni taka na kwetu ni mali, na katikati ya mawili hayo kuna watu wanaofanya biashara. Hatusemi kwamba wote wanadanganya. Wengi wao hawajui tofauti, na anayenunua hajauliza.

Likifika kwenye joto

Hali ya hewa ya Dar es Salaam hupanda hadi nyuzi 30 na zaidi, na lami iliyopigwa jua mchana kutwa hupita nyuzi 50. Mpira uliotengenezwa ili usikakamae kwenye barafu, ukikanyagishwa juu ya lami hiyo, hulainika kupita kiasi. Kashata ndefu zilizokatwa chale nyingi hupoteza uimara wake: kila kipande hupinda kikisukumwa, kama ufagio unaposimamishwa juu ya nyuzi zake. Dereva huhisi usukani umekuwa mzito kujibu, na kwenye kona gari huyumba kidogo kabla ya kutii.

Hatari kubwa iko kwenye breki. Mashirika ya wenye magari barani Ulaya, likiwamo ADAC la Ujerumani, yamepima mara nyingi na kuonyesha kwamba gari lenye matairi ya baridi huchukua umbali mrefu zaidi kusimama wakati wa joto kuliko lenye matairi ya kiangazi. Tofauti hutegemea tairi, barabara na mwendo, kwa hiyo tutoe mfano wa hesabu tu. Tuseme gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linaweza kusimama ndani ya mita 32 tangu breki zinapokamata. Gari la pili linafanana nalo kwa kila kitu, isipokuwa matairi yake yamepoteza sehemu moja ya kumi ya mshiko. Litasimama mita tatu na nusu mbele zaidi. Mita tatu na nusu zinaweza kuonekana si kitu, lakini pale gari la kwanza liliposimama kabisa, gari la pili linapita likiwa bado na mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Mtoto aliyeingia barabarani akifuata mpira angesalimika mbele ya gari la kwanza.

Kisha liko suala la kuchakaa. Mpira laini huliwa upesi na lami ya moto. Seti ambayo ingemfaa Mjapani kwa misimu kadhaa ya baridi yaweza kuisha hapa ndani ya muda mfupi wa kushangaza, na mwenye gari akamlaumu fundi wa waya-mlalo, yaani yule anayenyoosha magurudumu, kumbe kosa halikuwa lake. Tairi legelege pia huzunguka kwa ukinzani mkubwa zaidi, jambo ambalo huongeza kidogo matumizi ya mafuta.

Joto la ndani ya tairi nalo lisisahauliwe. Kila linapojikunja na kujikunjua hutoa joto. Upepo ukiwa pungufu, mzigo ukiwa mwingi na safari ikiwa ndefu, joto hilo hulimbikizana hadi tabaka za tairi zinaweza kuachana. Matairi mengi ya Kijapani ya baridi yamepewa herufi Q, maana yake yamethibitishwa kwa mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, wakati matairi ya kawaida ya magari madogo mara nyingi huwa na S, T au H, ambazo ni 180, 190 na 210. Hakuna anayepaswa kukimbia kwa mwendo huo katika barabara zetu. Hata hivyo herufi hizo zinaonyesha pia kiasi ambacho tairi linaweza kuvumilia joto la mwendo, na yule anayesafiri kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza akiwa na abiria saba na magunia juu anaitumia akiba hiyo yote.

Tukumbuke pia umri. Tairi la baridi likizeeka, vile vilainishi hupungua na mpira hugumika. Basi mlaji anaweza kupata tairi ambalo si laini tena kiasi cha kushika barafu, na umbo lake la chale haliwezi kushika vyema lami yenye maji ya mvua. Limepoteza faida zake na kubaki na hasara zake. Wapo wanaofikiri kwamba ugumu huo umelifanya kuwa tairi la kawaida. Sivyo.

Namna ya kulitambua

Huhitaji fundi wala chombo. Chuchumaa, futa vumbi kwenye ubavu wa tairi, na usome. Neno STUDLESS likiwapo, jambo limekwisha. Likikosekana, tafuta mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji yenye pembe sita. Mchoro huo ulianzishwa Marekani ya Kaskazini mwaka 1999 na sasa unatumika pia Ulaya. Tairi haliruhusiwi kuubeba mpaka lifaulu jaribio la kwenye theluji. Matairi yatokayo Ulaya mara nyingi hutambuliwa kwa huo.

Herufi M+S zinahitaji tahadhari ya namna nyingine. Maana yake ni matope na theluji, lakini mtengenezaji anaweza kuziweka bila kufanya jaribio lolote, na matairi mengi ya magari makubwa ya shamba na safari yanazo ingawa si ya baridi hata kidogo. Usilikatae tairi la gari la juu kwa sababu tu limeandikwa M+S. Tazama pia chale: zikiwa zimejaa katika kila kipande, nyembamba na zilizopinda, unalitazama tairi la baridi.

Ukiwa bado umechuchumaa, soma na ukubwa. Chukua mfano wa 195/65R15 91Q. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu ni ya inchi 15. Namba 91 ni kiwango cha mzigo, yaani kilo 615 kwa tairi moja, na Q tumekwisha kuieleza. Linganisha namba hizo na karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha tafuta tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, ambazo huwa mwishoni mwa mfululizo wa herufi na namba, mara nyingi ukianza na DOT na mara nyingine bila DOT kwa matairi ya soko la Japani. Ikiwa ni 3519, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo mara nyingi huchapwa upande mmoja tu, na huenda upande huo umegeukia ndani. Omba gari lisogezwe au tumia tochi ya simu. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitano, na lisitumike kabisa likifikisha miaka kumi hata kama kashata zake bado zimesimama.

Kagua matairi yote, si moja. Ni kawaida kukuta mawili ya mbele ni ya kiangazi na mawili ya nyuma ni ya baridi, au kinyume chake. Mchanganyiko huo ni mbaya kuliko yote manne kuwa ya baridi, kwani mbele na nyuma hushika barabara kwa nguvu tofauti, na dereva hugundua tofauti hiyo siku anapokwepa kitu ghafla.

«Lakini kwetu kuna baridi»

Wasomaji wa Njombe, Makete na Mbeya huenda wanajiuliza kama makala haya yanawahusu. Ni kweli kwamba huko mwezi Juni na Julai usiku huwa mkali, na uwanda wa Kitulo hupata umande ulioganda alfajiri. Lakini jua likishachomoza umande huo hutoweka, na adhuhuri lami huwa imekwisha pata joto. Barabara haifunikwi na theluji wala haikai na barafu kwa siku nyingi. Tena gari la Makete haliishi Makete tu. Siku moja litashuka kupitia Mlima Kitonga kuelekea Morogoro, na mteremko ule ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuwa na tairi laini chini ya breki zilizopata moto.

Swali jingine tunaloulizwa ni la matope. Kwa kuwa kashata ni ndefu na herufi zinataja matope, je, tairi hili si zuri kwa masika? Kwenye tope jepesi laweza kusaidia kidogo. Kwenye udongo wa mfinyanzi chale hujaa mara moja, na mitaro, ingawa ni mipana kuliko ya tairi la kawaida, haina nafasi ya kuyatema matope kama tairi halisi la matope lenye kashata kubwa zilizoachana. Mwenye kuhitaji tairi la matope anunue hilo.

Kuna wale ambao hali yao ni kinyume: mwanafunzi anayekwenda kusoma Ujerumani, au ndugu aliyehamia Minnesota na kununua gari lake la kwanza huko mwezi Agosti. Kwao tairi la baridi ni ulinzi wa maisha, na kuzoea kwetu kutumia seti moja mwaka mzima kunaweza kuwagharimu. Wanunue yote manne, si mawili, na wayafunge kabla ya theluji ya kwanza. Wajerumani wana desturi ya kuhesabu kuanzia Oktoba hadi Pasaka.

Kabla ya kulipa, na baada ya kulipa

Ukiligundua tairi la baridi kabla ya kulipa, huna sababu ya kuliacha gari zuri kwa ajili hiyo tu. Una sababu ya kujadiliana. Uliza bei ya seti mpya ya ukubwa unaostahili katika maduka mawili au matatu, kisha mtake muuzaji ama abadilishe matairi au apunguze bei kwa kiasi hicho. Makubaliano yaandikwe kwenye mkataba au risiti, na aina ya matairi itajwe. Piga picha ubavu wa kila tairi siku ya kupokea gari, maana matairi hubadilishwa kirahisi kati ya siku ya kukagua na siku ya kuchukua funguo, na mwandishi wa makala haya analijua hilo kwa sababu lilimpata mjomba wake. Alikagua Jumamosi, akalipa Jumatatu, akachukua gari Jumatano. Lilipofika nyumbani kwake lilikuwa na matairi ambayo hakuyaona Jumamosi. Aliporudi aliambiwa, «Mzee wangu, hayo ndiyo uliyoyaona.» Hakuwa na picha wala maandishi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Kumwambia mnunuzi kwamba matairi yanafaa kwa hali ya hewa ya hapa, au kwamba ni mapya, ilhali si kweli, kunaangukia humo. Anza kwa kumwandikia muuzaji mwenyewe, ukieleza ulichoambiwa, ulichokikuta, na unachotaka akifanye. Ujumbe wa simu unatosha mradi uuhifadhi. Asipojibu au akikataa, leta malalamiko ofisini kwetu pamoja na risiti, mkataba na zile picha. Malalamiko yenye picha ya ubavu wa tairi hushughulikiwa kwa wepesi zaidi kuliko yale yasiyo na kitu isipokuwa neno la mlalamikaji dhidi ya neno la muuzaji.

Kwa yule ambaye amesoma hadi hapa, akatoka nje na kuyakuta kwenye gari lake, asiliegeshe gari kwa hofu. Apunguze mwendo, hasa mvua inaponyesha na katika miteremko, aache nafasi kubwa nyuma ya gari lililo mbele, na aepuke kujaza mzigo. Upepo ujazwe kwa kipimo cha karatasi ya mlangoni, matairi yakiwa hayajapata moto wa safari. Karatasi za Kijapani hutumia kipimo cha kPa. 230 ni sawa na 33 hivi katika kipimo ambacho mafundi wetu wamekizoea. Kupunguza upepo ili gari liwe laini kwenye rafu, kama wengine wanavyoshauri gereji, huongeza joto na ni hatari maradufu kwa tairi la namna hii.

Fedha ikipatikana, badilisha yote manne kwa pamoja. Ikitosha mawili tu, hakikisha mawili mapya yamekaa kwenye mhimili mmoja, na ushauri wa wataalamu ni kuyaweka nyuma, kwa kuwa gari linaloteleza nyuma ni gumu kulirudisha kuliko linaloteleza mbele. Maliza hayo mawili mengine mapema uwezavyo ili mchanganyiko usidumu. Na yale uliyoyavua, ukimuuzia mtu, mwambie ni ya nini.

Fungua pia buti. Magari mengi madogo ya Kijapani yana tairi la akiba jembamba la muda, ambalo huandikwa kwamba lisizidi kilomita 80 kwa saa na hutaka upepo wa 420 kPa, karibu mara mbili ya matairi mengine. Halikuguswa tangu gari lilipotoka kiwandani, na mara nyingi umri wake ni umri wa gari lenyewe. Mengine yana tairi kamili la akiba, nalo huenda ndilo pekee la kiangazi lililobaki katika gari zima.